Spika tisa zilizovuka Namanga mara tatu

Na Mwandishi Wetu, Namanga

KWENYE ukuta wa kibanda chake jijini Arusha kuna maandishi ya rangi nyekundu ambayo kila mfanyabiashara wa ukanda huu anayafahamu: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Aliyaandika mwenyewe miaka sita iliyopita, siku alipofungua biashara ya spika, redio na vipaza sauti. Hakuyatunga. Aliyakuta Luthuli Avenue, Nairobi, akayakuta Kariakoo, Dar es Salaam, akaona hiyo ndiyo sheria ya soko.

Baadaye sheria hiyo ikamgeukia. Spika nne kati ya saba alizokuwa ameuza zilirudi kibandani ndani ya wiki sita. Zote zilikuwa na tatizo moja: ukichomeka waya wa chaji, taa haiwaki. Zilikuwa za kampuni moja, zimenunuliwa siku moja, Nairobi, upande wa pili wa mpaka.

Kilichofuata si kile alichokitarajia, wala si kile ambacho wengi wetu tungekitarajia. Kampuni ilijibu, ikasikiliza, ikakubali kosa na kuzitengeneza spika hizo bila malipo, ingawa zilikuwa zimeshavuka mpaka na kulipiwa ushuru katika nchi nyingine. Makala haya yanaeleza jinsi ilivyofanyika hatua kwa hatua, kwa sababu katika hatua hizo kuna mambo ambayo mfanyabiashara wa Mutukula, Rusumo, Busia au Holili anaweza kuyatumia kesho asubuhi.

Mama huyu ameomba jina lake lisitajwe. Hataki ionekane amelipwa kuisifia kampuni. Kwa sababu hiyo hiyo, jina la kampuni nalo halitajwi hapa. Haya si tangazo.

Mzigo wa kikoba

Alinunua spika 12 za kubeba mkononi, zile zinazotumia betri na bluetooth, kwa shilingi 6,500 za Kenya kila moja. Jumla ilikuwa shilingi 78,000 za Kenya. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mkopo wa kikoba chao cha akina mama, unaorejeshwa kila wiki, siku ya Jumapili baada ya ibada.

"Kikoba hakisikilizi habari ya spika kuharibika," anasema. "Jumapili ikifika unaweka hela mezani mbele ya wenzako. Ukikosa, si wewe tu unayeaibika. Na wale wawili waliokudhamini wanaaibika."

Spika za aina hii zina soko kubwa Arusha. Wauza mitumba huzitumia kuita wateja, vijana wa bodaboda huzifunga kwenye pikipiki, na kwaya ndogo ambazo hazina uwezo wa kununua muziki mkubwa huzitumia kwenye mazoezi na harusi za nyumbani. Kati ya waliorudisha alikuwamo mwalimu wa kwaya. Alikuja siku ya Jumatatu, na kwaya yake ilikuwa na harusi Jumamosi ya wiki hiyo.

Mwalimu huyo hakupiga kelele. Aliiweka spika juu ya meza na kusema, "Mama, sisi tulichanga." Mama huyu anasema maneno hayo yalimuuma kuliko matusi.

Wateja wawili kati ya wanne walitaka fedha zao. Aliwarudishia papo hapo, shilingi 370,000 za Tanzania kwa wote wawili, fedha ambazo zilikuwa za marejesho ya kikoba. Wengine wawili, pamoja na mwalimu wa kwaya, walikubali kusubiri.

Ndipo mfanyabiashara mwenzake wa kibanda cha jirani alipompa ushauri. Zilikuwa zimebaki spika tano ambazo hazijauzwa. "Dada yangu, hizo tano peleka mnadani," alimwambia. "Wiki moja uko minada ya huku, wiki nyingine ya kule. Atakayenunua hatajua pa kukupata."

Ushauri huo haukuwa wa mtu mbaya. Ulikuwa wa mtu anayelijua soko. Wengi wameokoa mitaji yao kwa njia hiyo, na kila spika mbovu iliyouzwa mnadani imemtia hasara mtu mwingine ambaye naye ana kikoba chake.

"Nilikaa na zile tano usiku," anasema. "Nikachomeka waya moja baada ya nyingine. Nne ziliwaka taa. Moja haikuwaka, na haijawahi kutoka kwenye boksi. Nikajua basi, hili si kosa la wateja wangu."

Ujumbe wa Jumanne usiku

Kwenye karatasi ya waranti iliyokuwa ndani ya boksi kulikuwa na namba ya huduma kwa wateja. Jumanne usiku, saa mbili, alituma ujumbe wa WhatsApp. Ameuhifadhi, na amenionyesha. Ni mrefu, hauna nukta, na umejaa hofu. Unaanza kwa salamu, unaeleza kuhusu kwaya, unaeleza kuhusu kikoba, na mwishoni ndipo unasema spika hazichaji.

Alitarajia ukimya. Aliwahi kununua redio za kampuni nyingine siku za nyuma, akaambiwa waranti ni ya nchi iliyouzwa tu, kisha simu ikawa haipokelewi. Wafanyabiashara wengine niliozungumza nao wana simulizi kama hiyo. Mmoja anayechukua vichwa vya kusikilizia Kariakoo na kuvipeleka Rwanda kupitia Rusumo aliambiwa arudi na mteja wake ana kwa ana, kana kwamba mteja wa Kigali anaweza kupanda basi hadi Dar es Salaam kwa ajili ya kifaa cha kusikilizia muziki.

Jumatano saa tatu asubuhi jibu lilikuja. Lilianza na pole. Kisha likaomba vitu vitatu: picha ya risiti, namba ya utambulisho iliyobandikwa chini ya kila spika, na video fupi ikionyesha waya ukichomekwa. Halikumwuliza yeye ni raia wa wapi. Halikumwuliza kwa nini alivusha bidhaa.

Risiti alikuwa nayo, kwenye mkebe wa biskuti anamotunza karatasi zake za forodha. Hapa pana jambo la kusimama nalo. Siku aliyonunua, duka la pili lilimpa spika zile zile kwa bei pungufu ya shilingi 900 za Kenya kila moja, bila risiti. Kwa spika 12 angeokoa shilingi 10,800. Alikataa, akanunua kwa msambazaji aliyeidhinishwa na kampuni, aliyempa risiti yenye namba za utambulisho za spika zote.

"Siku ile niliona nimepoteza hela," anasema. "Mwenzangu alinicheka njia nzima mpaka Namanga."

Alhamisi fundi wa kampuni alimpigia kwa video kutoka Nairobi. Alimwomba ajaribu waya mwingine, kisha chaja nyingine, kisha abonyeze kitufe cha kuwashia huku waya ukiwa umechomekwa. Lengo lilikuwa kujua kama tatizo ni waya, chaja, betri au tundu la chaji lenyewe. Baada ya dakika 20 fundi aliridhika kwamba ni tundu: ndani, mahali linapoungwa na bodi ya umeme, lehemu ilikuwa dhaifu, na kila waya unapochomekwa na kuchomolewa linazidi kulegea.

Mama huyu alifanya jambo ambalo wengi wangeliogopa. Alimweleza fundi kwamba baadhi ya wateja wake huchajia kwenye sola, na mmoja kwenye betri ya pikipiki. Alijua anaweza kuwa anaipa kampuni sababu ya kumkatalia.

"Na ile haijatoka kwa boksi, mama, nayo ilichajiwa na pikipiki?" fundi alimwuliza, huku akicheka. Kisha akasema, "Hizo zimebaki usiuze tena. Wacha tuangalie hii maneno kwanza."

Kwa sikio la mtu wa Arusha, "hii maneno" ni Kiswahili cha kuchekesha. Yeye anasema ndipo alipopumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Kubadilisha au kutengeneza?

Ijumaa kampuni ilitoa jibu lake: spika zote tisa, yaani nne zilizorudishwa na tano ambazo hazijauzwa, zirudi Nairobi kwa gharama ya kampuni. Zile tatu zilizobaki kwa wateja na bado zinafanya kazi, wenye nazo waambiwe ukweli, na yoyote itakayoharibika ndani ya mwaka mmoja wa waranti itatengenezwa kwa utaratibu huo huo.

Mama huyu alitaka abadilishiwe, apewe mpya. Ni jambo la kawaida kutaka hivyo. Mtumishi wa huduma kwa wateja alimshauri vinginevyo, na ushauri huo ndio unaoonyesha kwamba mtu huyu alikuwa anaijua biashara ya mpakani.

Spika mpya zitakuwa na namba mpya. Zikifika Namanga zitaonekana kuwa mzigo mpya unaoingia Tanzania, na itabidi aeleze upya kwa nini asilipe ushuru. Zikitengenezwa, zitarudi na namba zile zile zilizoko kwenye karatasi zake za mwanzo. Afisa wa forodha atalinganisha karatasi na spika, na hadithi itakuwa moja.

Suala la ushuru halikuwa dogo. Wafanyabiashara wengi bado wanaamini kwamba chochote kinachonunuliwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kinapita bila ushuru, kwa kuwa tuna Umoja wa Forodha tangu 2005 na Soko la Pamoja tangu 2010. Sivyo ilivyo. Utaratibu wa biashara uliorahisishwa humsaidia mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, lakini ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, zikiwa na cheti chake cha uasili. Mahindi, maharage, ndizi na vikapu vinaweza kuingia humo. Spika iliyotengenezwa China haibadiliki uraia kwa sababu imenunuliwa Nairobi.

Kwa hiyo, alipozileta mara ya kwanza, alizilipia ushuru na kodi Namanga. Kuzilipia mara ya pili kungemaliza faida yote na kula mtaji.

Kampuni iliandika barua yenye mhuri, ikiorodhesha namba tisa za utambulisho, ikieleza kwamba spika zinarudi kwa matengenezo chini ya waranti, kwamba mwenye mali hatozwi chochote, na kwamba zitarejeshwa kwake Tanzania zikiwa zile zile. Ilimwambia aionyeshe barua hiyo kwa maofisa wa forodha wakati wa kutoka, si wakati wa kurudi.

Kwa nini zisitumwe kwa ndege, jambo ambalo lingeokoa siku? Kwa sababu ndani ya spika hizo kuna betri za lithiamu, ambazo usafirishaji wake kwa ndege una masharti makali kutokana na hatari ya moto, na betri iliyo ndani ya kifaa kibovu huongeza mashaka. Basi la barabarani lilikuwa rahisi na halina maswali mengi.

Jambo moja kampuni haikuliweza, na ilisema wazi. Hapakuwa na namna spika ya kwaya ingekuwa tayari kwa harusi ya Jumamosi. "Mama, hiyo ya Jumamosi hatutawahi, nisikudanganye," uliandikwa ujumbe wa Ijumaa. Mama huyu alikodi spika ya mwenzake kwa shilingi 40,000 za Tanzania kutoka mfukoni mwake na kumkabidhi mwalimu wa kwaya. Fedha hizo hakurudishiwa. Anasema afadhali jibu hilo la Ijumaa kuliko ahadi ambayo ingemwangusha Jumamosi asubuhi watu wakiwa wamevaa sare.

Namanga, Jumatatu

Kutoka Arusha hadi Namanga ni takriban kilomita 110. Jumatatu alfajiri alipanda gari na boksi lake, barua, risiti, na karatasi za ushuru za mara ya kwanza.

Tangu kituo cha huduma kwa pamoja kizinduliwe Namanga mwaka 2018, anayevuka hasimami mara mbili. Anayekwenda Kenya humalizia shughuli zote upande wa Kenya, ambako maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja. Anayerudi humalizia upande wa Tanzania. Mfumo huo ndio ulioko pia Mutukula, Rusumo, Holili na Busia, na kwa mtu mwenye karatasi zilizonyooka unapunguza muda kweli.

Alimkuta afisa wa Tanzania, akampa barua. Afisa alifungua boksi, akasoma namba moja moja, akalinganisha na karatasi za mwanzo, na kuandikisha kwamba vifaa hivyo vinatoka kwa muda kwa ajili ya matengenezo. Akampa nakala. Jambo lote lilichukua chini ya saa moja.

"Alinishangaa kidogo," mama huyu anasema. "Akasema, mama, wengi wanakuja hapa wakati wa kurudi, hawana chochote, wanasema hivi ni vyangu vya zamani. Sasa mimi nitajuaje?"

Mzigo ulipakiwa kwenye basi la kwenda Nairobi kwa jina la kampuni, nayo ikaulipia ulipofika. Yeye alirudi Arusha mchana huo huo kufungua kibanda.

Haikuwa safari isiyo na doa. Kuanzia Alhamisi ya wiki hiyo hadi Ijumaa jioni hakupata ujumbe wowote, na alipopiga simu haikupokelewa. Usiku wa Ijumaa hakulala. Jumamosi asubuhi ujumbe ulikuja: aliyekuwa akimhudumia alikuwa na ruhusa ya siku mbili na hakumkabidhi mwenzake faili. Aliomba radhi bila kisingizio, na kumtumia picha za spika tisa zikiwa mezani, tundu jipya kwenye kila moja, taa zote zinawaka.

Jumatano, siku ya tisa tangu zivuke, spika zilirudi Namanga. Mama huyu alizipokea, akapeleka nakala ya karatasi ya kutoka pamoja na barua ya kampuni iliyoeleza kilichotengenezwa. Namba zililingana. Hakulipa ushuru mara ya pili.

Mwalimu wa kwaya aliipata spika yake Alhamisi. Mteja mwingine aliyesubiri naye akapata yake. Saba zilizobaki ziliuzwa ndani ya mwezi mmoja, kila mnunuzi akielezwa historia yake. Anasema wawili walikataa kununua baada ya kusikia, na wengine wakanunua kwa sababu wamesikia. Marejesho ya kikoba yalichelewa wiki mbili, akatozwa faini, akailipa.

Kampuni ilipata nini?

Nilimpigia simu mtumishi aliyemhudumia. Alikubali kuzungumza kwa sharti la kutotajwa, kwa kuwa si msemaji wa kampuni.

Nilimwuliza kama hakuogopa kulaumiwa na wakubwa wake kwa kugharamia mzigo ulioko nchi nyingine. Alisema ana kiwango cha fedha anachoruhusiwa kuamua bila kuomba kibali, na spika tisa zilikuwa ndani ya kiwango hicho. Kama angelazimika kuomba sahihi tatu, alisema, jibu la Ijumaa lingekuja baada ya mwezi.

Jibu lake lililonikaa kichwani ni jingine. Alisema wateja wa Tanzania, Uganda na Kongo hawalalamiki. "Mkenya atakupigia simu, atakutumia meseji, atakuja ofisini. Wa ng'ambo ya mpaka ananyamaza tu. Halafu anaacha kununua, na sisi hatujui ni kwa nini." Kwa maelezo yake, video ya mama huyu ndiyo iliyoifanya kampuni ichunguze mzigo mzima wa siku hizo na kugundua kwamba lehemu ya tundu ilikuwa dhaifu katika spika nyingine pia.

Hesabu nyingine iko Arusha. Tangu wakati huo mama huyu amenunua tena spika 20 kwa msambazaji yule yule, na wenzake wawili wa kikoba wameanza kuagiza kupitia kwake. Kampuni ilitengeneza tisa, ikauza 20 na zaidi. Hakuna bango la barabarani ambalo lingemshawishi hivyo mtu aliyekwisha kuumia mara moja.

Sheria inakulinda wapi?

Msomaji anaweza kuuliza: je, kampuni ilifanya hisani au ilitimiza wajibu? Yote mawili, na ni vizuri kuyatenganisha.

Kenya ina Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010, inayompa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012. Tanzania Bara ina Sheria ya Ushindani ya 2003 inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Uganda ina sheria ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma ya 2017. Jumuiya yenyewe ina Sheria ya Ushindani ya 2006 inayogusa maslahi ya mlaji.

Tatizo la mfanyabiashara wa mpakani ni la aina mbili. Kwanza, kila sheria ya nchi inasimama kwenye mpaka wake. Aliyenunua Nairobi na kuuza Arusha anadai Nairobi, lakini mteja wake anamdai yeye Arusha. Pili, sheria za mlaji humfikiria zaidi yule anayenunua kwa matumizi yake. Sheria ya Tanzania ya 2003, kwa mfano, inapomweleza mlaji inamwacha nje anayenunua ili auze tena. Maana yake ni kwamba mwalimu wa kwaya ni mlaji, lakini mama mwenye kibanda, kwa ununuzi wake wa jumla, anategemea zaidi mkataba wa mauzo na karatasi ya waranti.

Hivyo karatasi hiyo ndogo iliyoko ndani ya boksi, ambayo wengi huitupa pamoja na plastiki, ndiyo silaha yake kubwa. Waranti ni ahadi ya mtengenezaji. Kama imeandikwa kwamba inafanya kazi nchi moja tu, ujue umenunua bidhaa ambayo ikivuka mpaka inabaki yatima.

Mambo ya kuchukua kabla ya safari ijayo

Kutokana na mkasa huu na mazungumzo na wafanyabiashara wengine wa vituo vya mpakani, haya ndiyo yanayofaa kuzingatiwa.

Uliza kabla ya kulipa: waranti hii inafanya kazi nchi ninayokwenda kuuza? Kama muuzaji anasema ndiyo, aandike kwenye risiti. Neno la mdomo linaishia mlangoni.

Dai risiti yenye namba za utambulisho za kila kifaa. Ukinunua 12, namba ziwe 12. Bila hizo huwezi kuthibitisha kwa kampuni wala kwa forodha kwamba kilichorudi ndicho kilichotoka.

Fungua na ujaribu kila kifaa siku unapopokea mzigo, si siku mteja anaporudi. Mama huyu anasema angechomeka waya wiki ya kwanza, angeokoa fedha za wateja wawili.

Unapolalamika, anza na tatizo. Video ya nusu dakika ina nguvu kuliko ujumbe wa kurasa mbili. Na sema ukweli wote, hata ule unaoonekana kukuumiza, kwa sababu ukigundulika umeficha kimoja hutaaminiwa kwa kingine.

Kifaa kinachorudi kwa matengenezo kiandikishwe forodha wakati wa kutoka. Mwulize afisa kabla ya kuvuka ni karatasi gani atahitaji kuziona utakaporudi, na uzihifadhi pamoja na zile za kwanza.

La mwisho, usinyamaze. Kampuni isiyosikia sauti kutoka Kigoma, Mbarara au Goma itaendelea kudhani kwamba huko kila kitu kiko sawa.

Nilipoondoka kibandani kwake jua lilikuwa limeshuka na kijana wa mitumba alikuwa amekuja kuchukua spika. Mama huyu aliichomeka waya mbele yake, taa ikawaka, akamwandikia risiti na kunakili namba kwenye daftari.

Maandishi mekundu bado yako ukutani. Hajayafuta, anasema rangi ni ghali. Lakini chini yake, kwa kalamu nene nyeusi, ameongeza mstari mwingine: "Ila ukiwa na risiti, njoo tuongee."